Wifi anataka nimkate rafiki yangu kwenye picha za sendoff

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 28, mzaliwa wa Ujiji, nauza vitenge pale soko la Mwanga, Kigoma. Sendoff yangu ni mwezi ujao na ndoa inafuata wiki hiyo hiyo. Mengine yote yanakwenda vizuri: kamati inachangisha, ukumbi umelipiwa, mapishi nimewaachia mama zangu wadogo. Kinachoninyima usingizi ni picha.

Najua utasema ni jambo dogo. Naomba unisome hadi mwisho.

Siku hizi kwenye sendoff kuna ile video ya picha za bibi harusi tangu akiwa mtoto, inaonyeshwa ukutani kwa projekta wakati wageni wanasubiri kula. Dada wa mchumba wangu, wifi yangu mtarajiwa, amejitolea kuisimamia kwa sababu anafahamiana na mtu wa video. Akaniambia nimpelekee picha zangu za kila umri. Nikakaa na albamu ya mama, simu yangu na memori kadi ya zamani, nikaanza kuchagua. Za utotoni zipo chache, nyingine zimeharibiwa na unyevu. Lakini kuanzia kidato cha kwanza, Shangazi, sipo peke yangu. Karibu kila picha niko na rafiki yangu. Nitamwita Zuu, si jina lake.

Zuu ni wa Kasulu. Tulikutana stesheni ya Kigoma siku tunaondoka kwenda shule ya bweni Tabora, kila mtu na tranka lake, ndoo na godoro. Mama yake na mama yangu ndio walioanza kusalimiana. Treni ilipofika Uvinza tulikuwa tumeshagawana maandazi, na Kaliua ilitukuta tumelaliana mabegani. Tangu siku ile hatujaachana. Tumelala kitanda kimoja cha juu na chini, tumefeli hesabu pamoja, tumerudi Kigoma pamoja. Yeye sasa ana duka dogo la vipodozi Gungu, mimi na vitenge vyangu. Mama yangu anamwita mwanangu. Na ukimsikia Zuu anavyoapa "haki ya Mungu tena" huku akigonga viganja, utadhani kalelewa na bibi yangu wa Ujiji.

Sasa wifi alipoziona picha akacheka, akasema, "Hii sendoff ni ya mmoja au ya wawili?" Akasema atamwambia mtu wa video amkate Zuu, na pale asipokatika, simu za siku hizi zinaweza kumfuta mtu na kujaza mandhari mahali pake. Akanitumia mfano: picha ya stesheni, ile ya siku ya kwanza, tuliyopigwa na mpiga picha wa pale pale tukaja kuichukua likizo. Zuu amekatwa. Nimebaki mimi na tranka langu, na begani kwangu kuna vidole vinne visivyo na mwenyewe.

Nilipoiona, roho ilinisuta. Lakini sikumkatalia wifi, nilinyamaza. Kumbe yule mtu wa video anamfahamu Zuu, habari zikamfikia. Na Zuu ndiye mpambe wangu! Sasa nikimwandikia kuhusu nguo au viatu ananijibu "sawa" tu, yeye ambaye hata salamu yake ni voisi ya dakika tano.

Hilo ni la kwanza. La pili linanitisha zaidi na sijamwambia mtu.

Wakati nachagua zile picha nilianza kujitazama. Nikaona nainamisha kichwa upande ule ule anaoinamisha Zuu. Kilemba nafunga anavyofunga Zuu. Nguo zetu ni za pisi moja, yadi sita tunagawana kati, na rangi anachagua yeye. Halafu nikaona kwamba kwenye kila picha ninayocheka nimeziba mdomo kwa mkono. Zuu alivunjika jino la mbele kidato cha pili, aliteleza bombani na ndoo kichwani, tangu hapo akawa anacheka huku ameziba mdomo. Mimi meno yangu yote yapo! Mchumba wangu ameshaniuliza zaidi ya mara moja, "Meno yako yana nini?" Nikamwambia hayana kitu, ni mazoea tu. Zuu mwenyewe mwaka jana aliwekewa jino, sasa anacheka mdomo wazi. Nimebaki naziba mimi.

Mchumba alipoona albamu alisema, kwa upole kabisa, "Nataka nikuone wewe." Nikatafuta picha ya kumpa. Nilizo peke yangu ni chache, nyingi ufukweni Kibirizi na nyingine nyumbani, alizopiga Zuu kwa kamera aliyopewa na mjomba wake. Hizo wifi amezikubali. Lakini hata humo nikijitazama namwona Zuu.

Nauliza mawili. Nimkate au nisimkate? Na je, kuna mimi humu ndani, au miaka yote hii nimekuwa kopi ya mtu, na sasa naenda kumpa mume kopi?

Bibi Harusi Mtarajiwa, Ujiji

* * *

Marahaba mwanangu, na hongera.

Nianze na la kukata, maana hilo lina haraka. Usimkate. Na ukatae mapema, kwa sababu kazi ikishakamilika utaambiwa imeshalipiwa. Huna sababu ya kugombana na mtu unayekwenda kuwa ndugu naye. "Wifi, asante kwa kujitolea, ila picha zangu nazitaka zilivyo." Basi. Ukiona Zuu amezidi kwenye video, punguza picha, usipunguze watu waliomo kwenye picha. Kuchagua ni haki yako, hakuna albamu isiyochaguliwa. Kumtoa mtu mahali alipokuwepo ni uongo, na utausema mbele ya ukumbi ambao nusu yake wanajua ukweli. Mama zenu walisalimiana pale stesheni, mwanangu, nao watakuwa wamekaa meza za mbele.

Tena uongo wa namna hiyo huwa haukai. Nikolai Yezhov alikuwa mkuu wa polisi wa siri wa Stalin, mtawala wa Urusi ya Kisovieti. Kuna picha anayotembea na bosi wake kando ya mfereji wa Moscow. Alipoangushwa, akauawa mwaka 1940, mafundi walimfuta na mahali aliposimama wakajaza maji ya mfereji. Enzi hizo ilikuwa kazi ya mkono, kwa brashi na subira, si ya kubonyeza simu. Leo picha ile inajulikana dunia nzima kwa sababu ya yule yule aliyefutwa. Sisemi wifi yako ni Stalin, jamani, msinipelekee maneno. Nasema wageni wataviona vile vidole begani kwako, wataulizana ni vya nani, na mpaka chakula kinafika watakuwa wamemzungumza Zuu kuliko wewe.

Halafu umewachanganya watu wawili. Wifi anataka Zuu atoke. Mchumba wako hajasema hivyo popote katika barua yako. Yeye amesema anataka akuone wewe, na ameuliza kuhusu meno. Kwa wifi naona mtu anayepanga sherehe ya ndugu yake na anataka ipendeze, pengine na kawivu kidogo kwa mtu aliyekujua kabla ya ukoo wao. Kwa mchumba naona mwanamume anayetazama vizuri. Usimpe huyu jibu linalomstahili yule.

Sasa tuje kwenye lililokufanya uniandikie.

Unasema hata kwenye picha ulizo peke yako ukijitazama unamwona Zuu, na sentensi mbili kabla umesema alizipiga Zuu. Umezipanga hivyo bila kuziunganisha. Kwenye picha zile hukuwa peke yako hata kidogo. Ulikuwa unamtazama mtu. Kichwa kile ulichoinamisha ulikuwa unamwinamishia yeye aliye nyuma ya kamera, na uso uliotokea ndio uso unaoutoa ukiwa naye.

Wewe ni mtu wa Kigoma, boti za kwenda Gombe zinaondokea hapo hapo Kibirizi unapopigia picha. Jane Goodall alifika Gombe mwaka 1960. Yule Jane tuliyezoea kumwona magazetini, binti wa Kiingereza amefunga nywele nyuma, kakaa chini na sokwe kama majirani, kwa sehemu kubwa ametoka kwenye kamera ya mtu mmoja, Mholanzi Hugo van Lawick, aliyepelekwa huko na jarida la National Geographic mwaka 1962. Mwaka 1964 wakaoana. Tunamtazama Jane tunadhani tunamwona Jane peke yake na msitu wake, kumbe tunamwona kwa macho ya mtu aliyekuja kumuoa. Wifi yako, kwa kuzikubali zile za Kibirizi, ameshamwingiza Zuu kwenye video, na hajui.

Utaniambia, basi Shangazi, nitajipiga mwenyewe, nijue mimi ni nani bila mtu. Jaribu. Kuna kijana aliyelifanya hilo kuliko mtu yeyote ninayemjua katika Afrika. Samuel Fosso, mzaliwa wa Kameruni, alikulia Nigeria, vita vya Biafra vikamwondoa, akaangukia Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, na mwaka 1975 akiwa na miaka 13 alikuwa na studio yake. Wateja wakiondoka, filamu iliyobaki hakuitupa: alijipiga mwenyewe, leo kavaa miwani mikubwa, kesho viatu vya soli ndefu, mara kasimama mbele ya pazia kama mwanamuziki. Picha za mtu mmoja, katika chumba kimoja, usiku. Na unajua alizituma wapi? Kwa bibi yake Nigeria, ili bibi aone mjukuu yu hai na anapendeza. Hata yeye aliyefunga mlango alikuwa na mtu wa kumtazamia.

Kuna na jambo la kioo. Mwaka 1977 watafiti wa saikolojia Marekani waliwapiga picha wasichana wa chuo, kila picha wakaichapisha mara mbili, moja kama ilivyo na nyingine imepinduliwa kulia-kushoto, kama mtu anavyojiona kwenye kioo. Wakauliza ipi nzuri. Wasichana wenyewe walielekea kuipenda iliyopinduliwa. Rafiki zao walielekea kuipenda iliyo sawasawa. Sababu yao ilikuwa rahisi: mtu hupenda alichozoea kukiona, na sisi sura zetu tumezizoea vioo. Yaani ule uso unaouita wako, ulio kichwani mwako, rafiki zako hawajawahi kuuona, na ule wanaoujua wao wewe unauona kwenye picha tu. Ndiyo maana picha hutushtua. Ukikutana nao kwenye albamu unasema "huyu si mimi, huyu Zuu." Pengine ni wewe kabisa, ila ni wewe anayemjua Zuu.

Sasa jino. Hapa nataka tukae.

Nimesoma bweni. Najua msichana wa kidato cha pili aliyevunjika jino la mbele anavyopata tabu. Jina la utani linapatikana kabla ya chakula cha jioni. Wakati wa paredi kuna mtu anamwigiza. Mwalimu akimwuliza swali anajibu akiwa ameinama. Na mtoto huyo ana rafiki mmoja anayelala kitanda cha chini yake, meno yake yote yapo, na huyo rafiki naye anaanza kuziba mdomo akicheka.

Umeniandikia kwamba uliiga. Mimi sisomi hivyo. Msichana mmoja akiziba mdomo, watu wanauliza ana nini. Wawili wakiziba, inakuwa staili. Ninavyoona, ulimsindikiza mwenzako ili asiwe peke yake kwenye aibu ile, ukiwa na umri ambao hata hukujua unafanya hivyo, na mkono ukazoea. Kama nasema kweli, basi ule mkono unaouona kwenye picha na kuuchukia ni wako kuliko kitu kingine chochote kilichomo humo. Zuu alikuwa na sababu ya kuziba. Wewe sababu yako ilikuwa yeye.

Muulize. Usimwulize "nani alianza", hilo mnalijua. Mwulize nani aliacha kumcheka na lini. Halafu tafuteni picha ya darasa ya kidato cha kwanza, maana wapiga picha walikuwa wanakuja siku za kutembelewa na lazima mwenzenu mmoja anayo. Utazame unavyocheka humo.

Ila Zuu ana jino sasa. Anacheka mdomo wazi, umesema mwenyewe, tena kwa namna iliyonionyesha kwamba imekuuma kidogo: aliwekewa jino, na hakuna aliyekukumbuka wewe uliyebaki na mkono mdomoni. Unaendelea kumkinga mtu ambaye hahitaji kukingwa tena. Unaweza kuushusha mkono. Hautashuka siku moja, na siku ya sendoff na kamera zote zile utapanda wenyewe, usijali. Mchumba wako ameuona mkono huo kabla yako, na kwa mwanamume wa kumuoa hiyo ni dalili nzuri kuliko mahari.

Na hesabu zako hazijakaa sawa, ingawa mlishaniambia mlifeli hesabu. Umeorodhesha ulichochukua kwa Zuu: kichwa, kilemba, kicheko. Alichochukua kwako umekitupia pembeni kama kichekesho. Mtoto wa Kasulu anaapa kiapo cha bibi yako, na viganja vya bibi yako. Anaitwa mwanangu na mama yako. Rudi kwenye zile picha usiku mmoja, na safari hii usijitazame, mtazame yeye. Angalia anavyosimama, anavyoshika mkoba, anavyomwangalia mtu mkubwa. Nina hakika utamkuta humo mtu wa Ujiji. Kopi haitoi kitu kwa karatasi inayonakiliwa. Nyie mmepeana.

Jambo moja tu katika barua yako limenipa wasiwasi, na silo ulilolikusudia. Ni rangi. Wewe ni muuza vitenge. Mama wa watu anatoka Uvinza na mimba ya miezi saba, anakuja mezani kwako anakuambia "nichagulie", na wewe unamchagulia, anaondoka anameremeta. Hiyo ndiyo kazi yako na inakulisha. Lakini nguo yako wewe anachagua mwenye duka la vipodozi. Kwa nini?

Sare yenyewe haina neno. Wanaosema watu wazima kuvaa sare ni utoto hawajatazama picha za Malick Sidibé, mpiga picha wa Bamako, Mali, yule aliyepewa tuzo ya Simba wa Dhahabu huko Venice mwaka 2007 kwa kazi ya maisha yake. Vijana wake wa miaka ya 1960 walikuja studio marafiki kwa marafiki, wengine kitambaa kimoja, kifua mbele, wanataka dunia ijue nani ni wa nani. Mtu huvaa sare na rafiki kwa sababu ile ile anayovaa sare na ukoo. Lakini kila sare ina mtu aliyeichagua, na kama kwa miaka yote hiyo aliyechagua ni mmoja, basi mwenzake alikuwa amepumzika. Nadhani ulipumzika, mwanangu. Kuna raha yake, mtu mwingine akishaamua wewe unavaa tu. Zuu hajakunyang'anya kitu hapo. Ulimwachia.

Kwa hiyo sendoff hii vitenge chagua wewe, vyako na vya mpambe wako. Usimwulize "unaonaje hii?" kwa sauti ile ya kuomba. Shusha pisi, kata, mpelekee. Akinuna kwa rangi ni haki yake, na wewe ni bibi harusi.

Na ile picha ambayo mchumba anaitaka, usiitafute kwenye memori kadi. Haimo. Huyo bwana ana simu, bila shaka, na anajua njia ya Mwanga. Anayesema "nataka nikuone wewe" aje sokoni asubuhi ya siku yenye wateja, akae pembeni na jirani yako wa meza ya pili, akupige ukiwa unapima yadi na kubishana bei. Asikuambie utabasamu. Mkono mmoja utakuwa na futi kamba, mwingine na kitenge, na mdomo utazibwa na nini? Picha moja kati ya hizo iingie kwenye video, ya mwisho kabisa, baada ya zile za Zuu zote. Utaona inaleta mtu mwingine kidogo, kwa sababu anayetazama ni mwingine. Miaka kumi ijayo utakuwa unainamisha kichwa upande anaoinamisha mumeo, na wifi atacheka tena.

Limebaki la Zuu mwenyewe. Usijidanganye kwamba amekasirika kwa sababu ya picha. Picha alikata mtu mwingine. Kilichomuuma ni kwamba ulijua, ukanyamaza, akaja kuambiwa na mtu wa video. Hilo halitengenezwi kwa ujumbe wa simu, maana atakujibu "sawa", na "sawa" ile unaijua. Panda daladala uende Gungu, ukae dukani kwake hadi wateja wapungue, umwambie jinsi ilivyokuwa: wifi alisema nikukate, sikukubali ila sikukataa, na nilipaswa kukataa. Usimtaje wifi kwa ubaya, atakuwa ndugu yako kesho na Zuu akikasirika hana breki. Akikupandishia, mwache apandishe. Akimaliza, mwombe alete picha alizonazo yeye, kwa sababu mwenye kamera huwa na nyingi kuliko aliyepigwa, na hizo wewe hujaziona.

Nenda Gungu kwanza, kwa wifi baadaye, na yote mawili uyamalize leo. Safari hii Zuu asikie kwako.

Shangazi